Bahari Inayopanda, na Deni la Jirani

Katika baraza nyingi siku hizi lasikiwa neno hili: bahari yapanda. Nalo likiisha kusemwa, mara huja swali la pili: Ni nani aliyeipandisha? Mmoja husema, ni matajiri wa Ulaya na Marekani kwa moshi wa mitambo yao. Mwingine husema, ni wakata kuni wetu wenyewe walioimaliza mikoko. Wa tatu husema, mambo haya ni ya siku zote. Bahari hupanda na kushuka tangu kale, wala hapana mtu wa kulaumiwa. Basi maneno huwa mengi, kahawa hupoa, na watu huondoka kila mtu na lake.

Sisi hatuandiki habari hizi ili kuongeza kelele. Twataka kulipima swali lenyewe, maana ni swali la haki. Mtu akipata hasara kwa ajili ya jambo lililofanywa na watu wengi walio mbali, na wengi wao wamekwisha kufa, wala hawakujua matokeo ya kazi yao, je, yuko anayedaiwa? Na sisi, ambao sehemu yetu katika jambo hilo ni ndogo sana, tuna wajibu gani? Lakini mwamuzi asiyesikiliza mashahidi si mwamuzi. Kwa hiyo kwanza tutazame mambo yalivyo, kisha tuyapime mabishano, ndipo tulifikie deni.

Je, bahari yapanda kweli?

Mtu akaaye pwani ajua ya kuwa maji hujaa na kupwa kila siku, tena wakati wa bamvua huja juu kupita siku nyingine. Kwa hiyo si rahisi kwa macho matupu kutambua kupanda kunakotajwa, kwa kuwa ni kwa wastani wa miaka mingi, na kwa mwaka mmoja hakufiki hata nusu ya sentimita. Yahitaji kipimo kilichowekwa mahali pamoja, na mtu wa kukiandika bila kuchoka. Katika Amsterdam vipimo vya namna hiyo vilianza kuandikwa mwaka 1700, na katika Stockholm mwaka 1774. Tena tangu 1993 setelaiti zimekuwa zikipima uso wa bahari karibu yote kutoka juu.

Vipimo hivi vikikusanywa pamoja vyaonyesha ya kwamba kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi. Wala mwendo haukuwa mmoja. Tangu 1901 hata 1971 ulikuwa milimita 1.3 kwa mwaka. Tangu 2006 hata 2018 ulikuwa milimita 3.7. Yaani maji hayapandi tu, bali yaongeza mwendo.

Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza, maji yakipata joto huvimba. Mama apikaye ajua neno hili: sufuria ikijazwa maji pomoni na kutiwa motoni, hufurika kabla maji hayajachemka. Bahari nayo imepokea zaidi ya sehemu 90 katika 100 za joto lililozidi duniani katika miaka hii, nayo yavimba. Sababu ya pili ni barafu iliyo juu ya nchi kavu, inayoyeyuka na kushuka baharini. Barafu ya Greenland peke yake, kama ingeyeyuka yote, ingeipandisha bahari mita 7 hivi. Na ile ya Antarctica, zaidi ya mita 50. Hapana mwenye elimu asemaye ya kuwa yote itayeyuka katika maisha yetu wala ya wajukuu wetu. Lakini kipande kidogo cha mali kubwa namna hiyo ni kingi.

Watu huuliza, Barafu inayoelea baharini je? Hiyo ikiyeyuka haipandishi maji kwa kiasi cha kuhesabika. Mwalimu mwenye bilauri na kipande cha barafu aweza kuwaonyesha wanafunzi wake: barafu ikiisha kuyeyuka, maji husimama palepale yalipokuwa. Lakini akiweka barafu juu ya jiwe lililochomoza majini, maji yatapanda kwa kadiri barafu inavyoyeyuka. Ni tofauti ndogo, na wabishi wengi wamepotea hapo.

Hata hivyo bahari haipandi sawasawa kila mahali, kwa kuwa nchi nayo yaenda. Katika Sweden na Finland, palipolemewa zamani na barafu nzito, nchi yainuka hata leo baada ya mzigo kuondoka. Na mvuvi wa huko huona maji yakiuacha ufuko wa babu zake. Katika mji wa Jakarta nchi yadidimia, hasa kwa sababu watu wameteka maji mengi chini ya ardhi, na bahari huonekana kana kwamba yakimbilia mjini. Basi mtu wa Stockholm na mtu wa Jakarta wakibishana, kila mmoja akitegemea macho yake tu, hawatapatana milele. Wote wawili wasema kweli juu ya ufuko wao, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeiona bahari yote.

Sababu ya joto

Sasa twafika penye ubishi mkubwa: joto hili latoka wapi? Wengi hudhani ya kuwa habari ya hewa ya ukaa ilizuliwa juzi na watu wa siasa. Sivyo. Mwaka 1856 mwanamke wa Marekani jina lake Eunice Foote alitia hewa mbalimbali katika vyombo vya kioo, akaviweka juani, akaona ya kuwa chombo chenye hewa ya ukaa kilipata joto kupita vingine, tena kilichelewa kupoa. Mwaka 1859 John Tyndall, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi London, alianza kupima kwa vyombo bora jinsi hewa hizi zinavyozuia joto lisitoke. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikaa na kalamu na karatasi, akahesabu joto litakaloongezeka kama hewa ya ukaa ikizidi. Na mwaka 1938 mhandisi Mwingereza, Guy Stewart Callendar, alikusanya vipimo vya joto vya mahali pengi, akasema ya kuwa dunia imekwisha kuanza kupata joto, na makaa ya mawe ni sababu.

Hewa hii yafanya kazi kama blanketi. Blanketi halina moto ndani yake. Lakini mtu akijifunika, joto la mwili wake halitoki upesi. Jua hutupa nuru, nchi hupata moto na kuurudisha juu, na hewa ya ukaa hulizuia baadhi ya joto hilo lisiende zake. Blanketi jembamba ni neema, maana bila hilo dunia ingeganda. Taabu ni kuongeza blanketi juu ya blanketi.

Tangu 1958, katika mlima Mauna Loa wa visiwa vya Hawaii, hewa hii imepimwa kwa kazi aliyoianza Charles David Keeling. Wakati ule zilikuwako sehemu kama 315 katika sehemu 1,000,000 za hewa; sasa zimepita 420. Nayo barafu ya Antarctica imehifadhi mapovu madogo ya hewa ya kale. Wenye elimu wameitoboa na kuipima, wakaona ya kuwa katika miaka 800,000 kabla ya mitambo, hewa hii haikupata kufika hata sehemu 310.

Je, twajuaje ya kuwa imetoka katika makaa na mafuta, wala si katika milima ya moto au bahari yenyewe? Kwa alama zake. Iko aina moja ya ukaa ambayo huharibika kidogo kidogo, hata katika vitu vya kale sana haimo tena. Makaa ya mawe na mafuta ni mabaki ya mimea na viumbe vya zamani mno, hivyo hayana aina ile. Mwaka 1955 Hans Suess alionyesha ya kuwa hewa ya siku zetu imetiwa ukaa wa kale usio na alama hiyo, kama maziwa yaliyotiwa maji. Na kuhusu jua, kama lenyewe ndilo lililozidi ukali, hewa ingepata joto chini na juu pia. Lakini vipimo vyaonyesha ya kuwa huku chini joto limezidi, na tabaka la juu sana limepoa. Hivyo ndivyo ilivyo nyumba ambayo joto lake lazuiwa ndani.

Ndiyo sababu Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, lililoundwa mwaka 1988, lilisema mwaka 2021 pasipo shaka ya kuwa ni wanadamu waliotia joto katika hewa, bahari na nchi.

Mabishano yapimwe

Wako wapingao, nao yafaa wasikilizwe, maana si kila apingaye ni mwongo.

Wa kwanza husema, Dunia ilipata kubadilika zamani pasipo makaa wala mitambo. Ni kweli kabisa. Miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini ya ilivyo sasa kwa zaidi ya mita 100, na Unguja ilikuwa imeshikana na bara. Lakini neno hili halithibitishi wanalotaka. Watu walikufa zamani kwa ugonjwa na kwa uzee; je, kwa ajili hiyo twaweza kusema ya kuwa hapana mtu aliyepata kuuawa? Kila tukio lachunguzwa kwa ushahidi wake.

Wa pili husema, Visiwa vilivyotangazwa ya kuwa vyazama, vimekua. Na hili pia lina ukweli ndani yake. Mwaka 2018 wenye elimu waliotazama picha za visiwa 101 vya Tuvalu, katika bahari ya Pasifiki, walionyesha ya kuwa kati ya 1971 na 2014 nchi yake kwa jumla iliongezeka sehemu karibu 3 katika 100, ijapokuwa bahari ya hapo ilipanda upesi kupita wastani wa dunia. Mawimbi huchukua mchanga na vipande vya marijani, huvila visiwa upande huu na kuvijaza upande huu. Basi asemaye ya kuwa visiwa vyote vyapungua, amekosa. Lakini upana si kimo. Kisiwa chaweza kuongezeka mchanga kando, na huku maji ya chumvi yaingia katika visima na mashamba ya magimbi, na mawimbi ya dhoruba yapita katikati ya nyumba. Mtu hali mchanga. Serikali ya Tuvalu haikupuuza jambo hilo: mwaka 2023 ilifanya mapatano na Australia, yaliyoanza kutumika mwaka 2024, ili watu wasiozidi 280 kila mwaka wapate njia ya kwenda kukaa huko.

Alikuwako pia Nils-Axel Mörner wa Sweden, mjuzi wa miamba na fuko za bahari, aliyefariki mwaka 2020. Yeye alikana ya kuwa bahari yapanda kama inavyotajwa, akaleta ushahidi wake kutoka visiwa vya Maldives. Wenzake waliutazama ushahidi ule wakaulinganisha na vipimo, wala wengi hawakukubaliana naye. Hivyo ndivyo ubishi wa haki unavyokwenda: mtu huleta neno lake mezani, na neno hupimwa.

Wa tatu hutoka katika makanisa, na kwa kuwa sisi ni watu wa kanisa hatuwezi kumpita kimya. Yeye husema, Nuhu alipewa agano na upinde uliwekwa mawinguni. Basi bahari haiwezi kutudhuru. Neno hili limesikiwa sana katika visiwa vya Pasifiki, tena limesemwa na watu wa imani ya kweli. Lakini agano lile lahusu gharika ya kuiharibu dunia yote. Halikuahidi ya kuwa shamba la mtu halitaliwa na maji, wala kwamba mji uliojengwa penye mchanga utasimama. Tena, Nuhu mwenyewe alipoonywa hakukaa akitazama juu, alichukua shoka. Itakuwa ajabu tukitumia habari zake kuwa udhuru wa kutofanya kazi.

Katika haya yote twaona shaka za namna mbili. Iko shaka ya mtafutaji: huuliza, hungoja jibu, na jibu likija hulipokea, hata kama halimpendezi. Na iko shaka ya mdaiwa: huuliza ili siku zipite, ukimjibu hili, huleta lile, maana hatafuti kujua, anatafuta muda. Maneno ya hawa wawili huweza kuwa yaleyale. Twawatambua kwa kile wanachofanya baada ya kujibiwa.

Je, asiyejua adaiwa?

Watu waliofukua makaa ya kwanza katika Uingereza hawakumkusudia mabaya mtu wa Tuvalu wala wa Pangani. Walitaka kuendesha mitambo na kuota moto wakati wa baridi. Hata Arrhenius na Callendar walidhani ya kuwa joto kidogo litaleta faida kwa nchi za baridi. Je, ni haki kuwahukumu?

Hapa yatupasa kutenga maneno mawili ambayo watu huyachanganya: hatia na deni. Hatia ni ya moyo. Humpata mtu aliyejua akatenda, au aliyeweza kujua akakataa. Deni ni la hasara yenyewe. Mkulima akichoma majani katika shamba lake siku isiyo na upepo, kisha upepo ukazuka na moto ukavuka mpaka, wazee wa baraza hawamwiti mwovu. Lakini hawamwambii jirani, Pole, nenda zako. Humwambia mwenye moto, Lete mahindi, mlishe mwenzako hata avune. Hana hatia, lakini ana deni. Naye mtu mwema hulilipa bila kungoja kuitwa mwovu.

Tena, kutojua kulikuwa na mwisho wake. Mwaka 1965 washauri wa elimu wa Rais Lyndon Johnson wa Marekani walimwandikia habari za hewa ya ukaa, wakataja hata kuyeyuka kwa barafu na kupanda kwa bahari. Mwaka 1992 mataifa yalitia mkono mapatano katika Rio de Janeiro, wakikiri ya kuwa jambo hili lawahusu wote. Tangu hapo hapana serikali kubwa iwezayo kusema, Sikuambiwa. Moto ambao mwenye shamba ameambiwa umevuka mpaka, naye akaendelea kutia kuni, si moto ule wa kwanza tena. Hapo deni limekutana na hatia.

Wengine hujibu, Waliotenda wamekwisha kufa. Kwa nini wajukuu walipe? Twajibu: arithiye shamba hurithi na deni lake. Njia, viwanda, shule na mali zilizojengwa kwa makaa yale bado zipo, na wajukuu wanazitumia. Hewa ya ukaa nayo bado ipo. Sehemu yake hukaa juu kwa mamia ya miaka. Mali na moshi vyote vimesalia. Si haki mrithi achague kimoja na kukikana kingine.

Na wako wasemao, Nchi hizo zimewapa ninyi dawa, magari na elimu; basi hesabu imelingana. Hatukani fadhili. Twatibiwa kwa dawa zao na kusafiri katika magari yao, nasi twashukuru. Lakini mtu aliyenipa dawa jana, akiangusha ukuta wangu leo, dawa haijengi ukuta.

Mataifa yenyewe yameanza kuikubali hoja hii, ijapokuwa kwa kusitasita. Katika Sharm el-Sheikh, nchi ya Misri, mwaka 2022, yalikubali kuweka mfuko wa kuzisaidia nchi zilizopata hasara, na mfuko huo ulianzishwa Dubai mwaka 2023. Ila ahadi zilizotolewa ni ndogo sana mbele ya hasara yenyewe. Na mwezi wa Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague, baada ya visiwa vya Vanuatu kuongoza ombi katika Umoja wa Mataifa, ilitoa shauri lake ya kuwa dola zina wajibu wa kisheria kuilinda hali ya hewa, na dola ivunjayo wajibu huo yaweza kupaswa kulipa. Shauri si hukumu ya kulazimisha. Lakini neno limekwisha kusemwa mahali pa haki.

Tusidhani, hata hivyo, ya kuwa mpaka wa mdai na mdaiwa wapita baina ya nchi na nchi tu. Katika Alaska, ambayo ni sehemu ya Marekani iliyo tajiri, kuna kijiji kiitwacho Shishmaref juu ya kisiwa chembamba. Wakaao humo ni Wainupiat, watu kama 600, na kanisa lao ni la Kilutheri kama letu. Zamani barafu ya bahari iliwahi kuganda kabla ya dhoruba za vuli, ikawa boma la kuukinga ufuko. Sasa huchelewa, nayo ardhi iliyoganda yalainika, na mawimbi yameila pwani hata nyumba zikaanguka. Mwaka 2016 walipiga kura, na kwa tofauti ndogo waliazimia kuhama. Lakini fedha ya kuhama hawakuipata. Hao ni raia wa nchi iliyotoa karibu robo ya hewa ya ukaa yote iliyotokana na makaa na mafuta tangu mwanzo wa mitambo, nao wamo katika walioumizwa.

Na sisi je?

Afrika yote, pamoja na wingi wa watu wake, imetoa kama sehemu 3 tu katika 100 za hewa hiyo. Mmarekani mmoja hutoa kwa mwaka kama tani 14. Mtanzania mmoja hafiki hata nusu ya tani. Basi ni rahisi kusema, Deni si letu, tukae tungoje kulipwa. Lakini tutazame kisiwa cha Maziwe.

Kisiwa hiki kiko baharini karibu na Pangani. Zamani kilikuwa na mivinje na miti mingine, na kasa walikuja kutaga mayai mchangani. Mwaka 1975 kiliwekwa kuwa hifadhi. Lakini miti ilikatwa; na karibu na mwaka 1980 hapakuwa na mti uliosimama. Leo Maziwe ni fungu la mchanga, ambalo hufunikwa na maji ya bamvua. Ni nini kilichokiua? Wengine husema ni shoka, kwa kuwa mizizi ndiyo iliyoushika mchanga. Wengine husema ni bahari. Yamkini vyote viwili vilisaidiana, kama mwizi na mlango usiokazwa. Lakini mwenye kusema, Ni bahari tu, amejifichia shoka lake. Na mwenye kusema, Ni shoka tu, amemfichia tajiri moshi wake. Mtu mkweli huvitaja vyote viwili, kila kimoja kwa kadiri yake.

Hapo ndipo tunapopata jibu letu. Sehemu yetu katika kuipandisha bahari ni ndogo. Lakini sehemu yetu katika kuifungulia mlango si ndogo. Mikoko tunayoikata kwa boriti na mkaa ilikuwa ukuta usiodai fundi. Mchanga uchukuliwao ufukoni kwa kujengea nyumba haurudi. Mifereji ya mjini iliyozibwa kwa taka haikuzibwa na barafu ya Greenland. Haya hayapunguzi hata senti moja ya deni la wengine. Ila mdai ajaye mahakamani na mikono michafu hudhoofisha kesi yake mwenyewe, na, lililo baya zaidi, watoto wake hulala majini wakati kesi inaendelea.

Hata kinga yenyewe ina haki yake. Kuta za mawe zimejengwa mahali mahali, Dar es Salaam na Pangani kwenyewe, nazo zafaa palipo na mji ambao hauwezi kuhama. Lakini ukuta huirudisha nguvu ya wimbi, na mara nyingi mchanga huliwa pale ukuta unapokoma, mbele ya nyumba ya mtu asiye na ukuta. Basi mwenye hoteli ajengaye boma lake bila kumwuliza mvuvi wa jirani, atenda kwa udogo yaleyale tunayowalaumu matajiri wa dunia kuyatenda kwa ukubwa. Haki tunayoidai kwa wakubwa yatupasa kuitenda kwa wadogo wetu, la sivyo hatukuwa tunadai haki, tulikuwa tunadai zamu yetu.

Katika habari ya Maziwe liko jambo moja la kutia moyo. Kasa hawakukiacha kisiwa. Wameendelea kuja na kutaga katika fungu lile, na mayai yakiachwa hapo huzama. Kwa hiyo watu wa Ushongo, upande wa bara, wamekuwa wakiyachukua mayai kwa uangalifu na kuyafukia katika ufuko wao, mahali palipo pakavu, hata yaanguliwe. Hawakungoja ubishi wa shoka na bahari uishe, maana yai halingoji.

Hilo si kusema ya kuwa ubishi haufai. Wajumbe wetu waende katika mikutano ya mataifa, wakadai kwa hesabu na kwa heshima; wala wasione haya, maana kudai haki si kuomba sadaka. Lakini kazi ya mkono haipaswi kusimama wakati ulimi unafanya kazi. Mambo hayo mawili si maadui.

Wenye elimu wamehesabu ya kuwa ifikapo mwaka 2100 bahari itakuwa imepanda, kuliko ilivyokuwa mwisho wa karne iliyopita, kati ya sentimita 28 na 55 kama moshi ukipunguzwa sana na upesi. Na kati ya sentimita 63 na mita 1 hivi kama ukiachwa kuzidi mno. Mtoto aliyebatizwa mwaka huu aweza kuiona siku ile. Tofauti ya hesabu hizi mbili haikuwekwa na bahari. Imewekwa katika mikono ya watu, na walio wengi kati yao hawatauona mwaka huo. Kwa hiyo swali la deni si la mababu tu: sisi tulio hai leo tumekwisha kuwa mababu wa mtu.

Twawasihi walimu wa pwani wafanye jambo dogo. Waulizeni wazee mahali maji ya bamvua yalipofika walipokuwa vijana. Ni kisima gani kilichokuwa kitamu na sasa kina chumvi. Ni miti gani iliyosimama ufukoni, na ni nani aliyeikata. Andikeni majibu pamoja na mwaka na mahali, hata yale yanayotuaibisha. Kisha wekeni alama katika mti au jiwe, mpime kila bamvua, wala msiache. Mkituletea barua zenu tutazisoma kwa furaha, na zilizo za kweli tutawapa wenzenu wazisome.